Buzwagi: Ukijani wa mvua si cheti cha ardhi iliyopona

Na Mwandishi Wetu, Kahama

MVUA za kwanza za Novemba zinapoanguka Kahama, nchi hubadilika rangi kwa muda wa wiki mbili tu. Mahali palipokuwa na vumbi huota majani, kingo za barabara hufunikwa na magugu, na hata kifusi kilichotolewa shimoni hakikosi kuchipua kitu. Msafiri aliye ndani ya basi la kwenda Isaka anaweza kuapa kuwa ardhi imepona.

Ifikapo Agosti majani hayo yamekauka, mifugo imepita, upepo umeanza kazi yake, na ardhi inasema ukweli.

Tofauti hiyo kati ya Januari na Agosti inaweza kuonekana jambo la wakulima na wafugaji pekee. Lakini kwa wakazi wa Manispaa ya Kahama ndiyo kiini cha swali kubwa linalohusu uliokuwa mgodi wa dhahabu wa Buzwagi, ambao uchenjuaji wake ulisimama katikati ya mwaka 2021 baada ya takriban miaka 12 ya uzalishaji. Swali lenyewe ni hili: ni nani atakayesema kuwa ardhi hiyo imerejeshwa, na atasema hivyo kwa kutumia kipimo gani?

Ikumbukwe kuwa Buzwagi si jina geni katika siasa za nchi hii. Mwezi Februari 2007 aliyekuwa Waziri wa Nishati na Madini, Nazir Karamagi, alitia saini mkataba wa mgodi huo na kampuni ya Barrick jijini London. Mbunge wa Kigoma Kaskazini wakati huo, Zitto Kabwe, alipohoji bungeni sababu za mkataba kusainiwa ughaibuni, alijikuta akisimamishwa kuhudhuria vikao mwezi Agosti mwaka huo.

Kelele zilizofuata hazikwisha bure. Novemba 2007 Rais Jakaya Kikwete aliunda kamati ya kupitia upya sekta ya madini chini ya Jaji Mark Bomani, na hatimaye nchi ikapata Sheria ya Madini ya mwaka 2010. Miaka kumi baada ya saini ya London, jina la Buzwagi lilirudi tena midomoni mwa watu, safari hii kwa sababu ya makinikia, pale Rais John Magufuli alipozuia usafirishaji wa mchanga huo wa dhahabu na shaba kwenda nje ya nchi Machi 2017.

Kwa hiyo karatasi ya kwanza ya Buzwagi iliitikisa nchi kwa sababu wananchi hawakujua kilichoandikwa ndani yake. Karatasi ya mwisho ni ile ya kuthibitisha kuwa mgodi umefungwa na mazingira yamerejeshwa. Hiyo haina kelele, haina kamera, wala haijawahi kumsimamisha mbunge yeyote. Hata hivyo, kwa maisha ya kila siku ya watu wa Kahama, huenda ikawa na uzito kuliko ile ya kwanza.

Sababu ni rahisi. Mkataba wa uchimbaji una mwisho, lakini kifusi na bwawa la tope la mabaki ya uchenjuaji havina mwisho. Vitabaki hapo wajukuu wa wanafunzi wa leo watakapokuwa wazee.

Sheria inasemaje

Kwa mujibu wa Sheria ya Madini ya mwaka 2010 na kanuni zake, mwenye leseni kubwa ya uchimbaji hutakiwa kuwa na mpango wa kufunga mgodi na kuweka dhamana ya fedha kwa ajili ya kurejesha mazingira. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 nayo inalipa Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC, jukumu la kusimamia kazi hiyo.

Lengo la dhamana ni kuhakikisha kuwa kampuni ikiondoka, ikifilisika au ikiuzwa, fedha za kukarabati ardhi zipo. Ardhi ikithibitishwa kuwa imerejeshwa, dhamana huachiwa na wajibu wa kampuni hufikia kikomo. Baada ya hapo, korongo likichimbika kwenye mteremko wa kifusi au vumbi likipeperuka kutoka kwenye bwawa la tope, mwenye mzigo ni Serikali, na kwa maana hiyo ni mlipa kodi.

Ndiyo maana neno "imerejeshwa" linahitaji kupimwa kwa vipimo na si kwa macho. Fundi hakabidhi nyumba kwa kuonyesha rangi ya ukuta pekee. Mwenye nyumba mwenye busara hugonga msingi, hufungua bomba na kusubiri mvua moja ipite.

Mgodi unaufanyia nini udongo

Mgodi wa shimo la wazi huanza kazi yake kwa kuondoa udongo wa juu, yaani tabaka lenye mboji, mizizi, mbegu na viumbe wadogo wasioonekana kwa macho. Tabaka hilo ndilo linalolisha mimea. Kwa kawaida hutunzwa lunduni ili litumike kufunika eneo siku ya kufunga mgodi.

Tatizo ni kwamba udongo uliolundikwa huchoka. Katikati ya lundo refu hewa huwa haba, mbegu hupoteza uwezo wa kuota, na viumbe wanaovunjavunja majani kuwa mboji hupungua mwaka hadi mwaka. Buzwagi ilianza uzalishaji mwaka 2009. Udongo uliochotwa wakati wa ujenzi wake na kuwekwa akiba ungekuwa umelala kwa zaidi ya miaka 11 kufikia siku mitambo ilipozimwa.

Mzigo wa pili ni uzito. Magari makubwa ya mgodini, yanapopita mahali pamoja kwa miaka, huushindilia udongo kiasi cha kuugeuza sakafu. Wataalamu hupima hali hiyo kwa uzito wa udongo katika ujazo fulani. Udongo wa mfinyanzi ukifikia takriban gramu 1.5 kwa kila sentimita moja ya ujazo, mizizi mingi hushindwa kupenya. Kwa udongo wa kichanga kikomo hicho huwa takriban gramu 1.8. Mche unaweza kupandwa hapo, ukamwagiliwa na kupigwa picha, lakini mizizi yake itazunguka ndani ya shimo ulimopandwa kama mmea wa kopo.

Mzigo wa tatu ni kemikali. Mawe ya dhahabu ya ukanda huu mara nyingi huambatana na madini yenye salfa. Yakiwa chini ya ardhi hayana madhara, ila yakifikiwa na hewa na maji hutengeneza tindikali. Tindikali hiyo huyeyusha metali na kuzisambaza. Udongo ukishuka chini ya kiwango cha 5.5 katika kipimo cha tindikali, aluminiamu huanza kuyeyuka na kudhuru mizizi ya mimea mingi. Kwa Buzwagi, ambako dhahabu ilikuwa pamoja na shaba, ni lazima pia shaba iliyomo katika udongo ipimwe, kwa sababu kiasi chake kikizidi huwa sumu kwa mimea na viumbe wa udongoni.

Hakuna hata moja kati ya mambo hayo matatu linaloonekana kutoka dirishani mwa basi.

Namna ardhi inavyopimwa

Upimaji wa ardhi inayorejeshwa si jambo la miujiza. Nyingi ya zana zake zinaweza kubebwa na watu watatu: kamba ya mita 50, fremu ya mraba ya mita moja kwa moja, sepeto, ndoo ya maji, saa na daftari.

Kazi huanza kwa kuchora mstari kufuata mteremko, kwa maana maji na udongo husafiri kwa kufuata mteremko. Katika kila kituo cha mstari huo hukadiriwa sehemu ya ardhi iliyofunikwa na nyasi za kudumu, majani yaliyoanguka, matawi au mawe, na sehemu iliyo uchi. Tone la mvua likianguka juu ya jani huvunjika nguvu. Likianguka juu ya udongo mtupu huurusha, huziba vitundu vyake na kuacha ukoko mgumu ambao maji ya tone linalofuata huteleza juu yake. Uzoefu wa nyanda kavu za nchi nyingi unaonyesha kuwa mfuniko wa ardhi ukishuka chini ya nusu, mmomonyoko huongezeka kwa kasi.

Nyasi za kudumu hutofautishwa na za msimu. Hapa ndipo Januari na Agosti zinapoachana. Nyasi ya msimu huota haraka na kufa haraka, na mizizi yake ni mifupi. Nyasi ya kudumu hubaki na shina lake wakati wa kiangazi, hushika udongo na kuzuia mbegu na majani yanayopeperushwa na upepo. Kipimo kilichofanywa wakati wa mvua pekee huhesabu zote mbili kama kitu kimoja, na hivyo huipa ardhi alama isizostahili.

Lipo jaribio jingine ambalo hata mwanafunzi wa shule ya msingi anaweza kulifanya. Kipande kidogo cha udongo mkavu, chenye ukubwa wa sentimita moja, hutumbukizwa taratibu katika maji. Kikisambaratika ndani ya sekunde chache, udongo huo hauna gundi ya mboji na utachukuliwa na mvua ya kwanza. Kikibaki kizima kwa dakika moja au zaidi, udongo umeanza kujijenga.

Nchini Australia, mtafiti David Tongway na wenzake waliyaunganisha mambo kama hayo katika utaratibu mmoja wenye dalili 11 za uso wa udongo. Kutokana na dalili hizo hupatikana alama tatu: uimara wa udongo dhidi ya mmomonyoko, uwezo wake wa kupenyeza maji, na mzunguko wa virutubisho. Utaratibu huo umetumika kwa miaka mingi katika migodi, na nguvu yake iko katika jambo moja: eneo linalorejeshwa hulinganishwa na eneo jirani ambalo halikuguswa, kisha hupimwa tena na tena ili kuona kama linasogea kuelekea huko au limekwama.

Afrika Mashariki nayo ina utaratibu wake. Kituo cha Kimataifa cha Utafiti wa Kilimo Mseto, chenye makao makuu jijini Nairobi, kilibuni mfumo wa kufuatilia uharibifu wa ardhi ambao huchukua eneo la kilomita 10 kwa 10 na kuligawa katika makundi 16 yenye viwanja 10 kila kimoja, hivyo kupata viwanja 160. Katika kila kiwanja hutazamwa miti, mfuniko wa ardhi na dalili za mmomonyoko, na udongo huchukuliwa katika kina cha sentimita 0 hadi 20 na 20 hadi 50.

Aidha, nchi haikosi maabara. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo mjini Morogoro na kituo cha utafiti wa udongo cha Mlingano mkoani Tanga vimekuwa vikichambua udongo kwa miongo mingi. Mwanza iko karibu zaidi, na huko kipo kituo cha utafiti wa kilimo cha Ukiriguru.

Kasoro ya kuhesabu miche

Pamoja na zana hizo zote, kipimo kinachopendwa zaidi nchini kimekuwa ni idadi ya miche. Kampuni hutangaza miche iliyopandwa, halmashauri hutangaza miche iliyogawiwa, na viongozi hupigwa picha wakiwa wameshika majembe. Miche iliyokuwa hai miaka mitatu baadaye ni nadra kutangazwa.

Kasoro yenyewe haiishii kwenye miche kufa. Hata ikipona, miti iliyopandwa kwa mistari inaweza kuacha ardhi chini yake ikiwa tupu kabisa. Mjohoro na mwarobaini hukua vizuri katika mkoa wa Shinyanga na vina manufaa yake kwa kivuli na kuni, ila shamba la miti ya aina moja ambalo chini yake limefagiliwa au kulishwa na mbuzi hupoteza udongo kila mvua inaponyesha. Ukiliangalia kwa juu ni msitu, lakini chini ni uwanja.

Kwenye miteremko ya kifusi hali ni nyeti zaidi. Huko kinachotangulia kuokoa udongo ni nyasi na vichaka vidogo vinavyoshika uso wa ardhi. Mti hufuata. Anayeanza na mti akaruka nyasi amejenga paa kabla ya ukuta.

Shinyanga ilishawahi kufaulu mtihani huu

Jambo la kushangaza ni kwamba somo hili halihitaji kuagizwa kutoka ng'ambo. Mkoa wa Shinyanga wenyewe ulishaharibiwa, na ulishajirejesha.

Katika miaka ya 1920 na 1930 serikali ya kikoloni iliendesha ufyekaji mkubwa wa misitu katika eneo hili ili kuwaondoa mbung'o. Shinyanga ndiyo ilikuwa kitovu cha utafiti wa mdudu huyo chini ya Charles Swynnerton. Baadaye mashamba ya pamba yalipanuka, mifugo ikaongezeka na kuni zikakatwa. Kufikia miaka ya 1980 mkoa ulikuwa na sifa mbaya ya kuitwa jangwa la Tanzania, hali iliyomgusa Mwalimu Julius Nyerere katika miaka ya mwisho ya uongozi wake.

Mwaka 1986 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kama HASHI, ambao uliungwa mkono na Norway na kuendelea hadi mwaka 2004. Mwanzoni ulifuata njia iliyozoeleka ya vitalu na ugawaji wa miche. Mafanikio makubwa, hata hivyo, yalikuja pale wataalamu walipokubali kujifunza kutoka kwa Wasukuma wenyewe na kufufua ngitili.

Ngitili ni eneo la malisho linalofungwa wakati wa mvua ili nyasi zikue, kisha likafunguliwa katikati ya kiangazi mifugo inapokosa chakula. Ardhi ikipumzishwa, nyasi hurudi kwanza. Zikishika udongo, visiki vya zamani huchipua, na mbegu zilizolala huamka. Migunga na miti mingine ya asili ilirudi kwa wingi bila kupandwa na mtu.

Mwaka 1986 ngitili zilizokuwa na kumbukumbu zilikuwa takriban hekta 600. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikadiriwa kuzidi hekta 300,000 katika vijiji zaidi ya 800 vya mkoa huo, ambao wakati ule ulijumuisha pia maeneo ambayo tangu mwaka 2012 yako katika mikoa ya Simiyu na Geita.

Nyuma ya takwimu hizo kulikuwa na utawala. Mipaka ya ngitili ilijulikana, dagashida zilikaa na kuamua adhabu, na sungusungu walihakikisha adhabu inalipwa. Mwenye kuingiza ng'ombe kabla ya wakati alitozwa hadharani.

Wasukuma walikuwa na jambo jingine pia: majina ya udongo. Luseni ni kichanga cha mteremko, itogolo ni ule mgumu unaotuamisha maji, na mbuga ni udongo mweusi wa bondeni unaopasuka wakati wa kiangazi. Mwaka 1935 Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo katika kituo cha Amani, Tanga, alipoeleza namna udongo wa Afrika Mashariki unavyobadilika kwa mpangilio kutoka kilimani hadi bondeni, alikuwa akiiandikia sayansi ya dunia jambo ambalo mkulima wa Usukuma alikuwa akilitumia kuchagua shamba la mtama na la mpunga.

Maana yake kwa Buzwagi ni ya moja kwa moja. Eneo jirani la kulinganishia haliwezi kuwa moja tu. Kifusi kilichofunikwa kwa kichanga kilinganishwe na luseni, na bonde lilinganishwe na mbuga. Kulinganisha visivyofanana ni njia nyepesi ya kupata jibu ambalo mtu alishalitaka tangu mwanzo.

Hoja ya viwanda

Wapo wanaoona mjadala huu umepitwa na wakati. Mwaka 2024 eneo la Buzwagi lilitangazwa kuwa eneo maalumu la kiuchumi, na mpango wa kiwanda cha kusafisha nikeli na madini mengine kutoka Kabanga wilayani Ngara umehusishwa na eneo hilo. Barrick nayo ilianzisha hapo chuo chake cha mafunzo. Hoja yao ni kwamba ardhi inayongoja viwanda haihitaji nyasi wala mboji.

Hoja hiyo ina uzito na haifai kupuuzwa. Kahama ni mji wa biashara uliokua kwa kasi, na mgodi ulipofungwa, ajira na mapato ya halmashauri yaliguswa. Kuyatumia tena majengo, umeme, maji na uwanja wa ndege uliokuwepo ni busara kuliko kuyaacha yawe magofu. Mgodi wa Resolute wa Nzega, ambao ulikuwa wa kwanza kati ya migodi mikubwa ya dhahabu ya kizazi hiki, nao ulipofungwa eneo lake lilielekezwa katika mafunzo ya madini.

Lakini kiwanda hakijengwi juu ya bwawa la tope, wala bohari haiwekwi kwenye mteremko wa kifusi. Sehemu hizo mbili ndizo zenye hatari kubwa, na zitabaki kuwa ardhi inayohitaji mfuniko hata pakijengwa viwanda 100 kando yake. Zaidi ya hapo, uwekezaji utaongeza idadi ya watu watakaofanya kazi na kuishi upande unakoelekea upepo. Kwa maneno mengine, viwanda vinaongeza haja ya kupima udongo.

Mkoa wa Shinyanga tayari umeona bwawa likishindwa. Novemba 7, 2022 ukuta wa bwawa la tope la mgodi wa almasi wa Williamson, Mwadui wilayani Kishapu, ulibomoka na tope likatiririka nje ya mgodi hadi kwenye mashamba na makazi ya watu. Mazingira ya mgodi ule yanatofautiana na ya Buzwagi, na hakuna sababu ya kulinganisha kuta zake. Linalofanana ni kwamba wanaoishi jirani na bwawa hawana njia ya kujua hali yake isipokuwa waambiwe.

Nini kifanyike

La kwanza ni uwazi. Vigezo vya kuthibitisha kuwa kila sehemu ya Buzwagi imerejeshwa vinapaswa kuandikwa kwa Kiswahili na kubandikwa katika ofisi za kata zinazouzunguka mgodi, ikiwamo Mwendakulima. Mwananchi aweze kusoma kuwa mteremko fulani unatakiwa uwe na mfuniko wa kiasi gani, udongo wake uwe na kiwango gani cha tindikali, na shaba isizidi kiasi gani.

La pili ni majira. Vipimo vifanyike mara mbili kwa mwaka, mwishoni mwa mvua na mwishoni mwa kiangazi, na uamuzi uegemee alama ya kiangazi. Ardhi inayofaulu Septemba itafaulu Februari, lakini kinyume chake si lazima kiwe kweli.

La tatu ni muda. Mwaka mmoja wa mvua nzuri unaweza kumdanganya hata mtaalamu. Dhamana ya mazingira isiachiwe yote kwa pamoja. Iachiwe kwa mafungu, kadiri vipimo vya miaka kadhaa mfululizo, ikiwamo angalau miaka ya mvua haba, vinavyoonyesha kuwa ardhi inajiendesha yenyewe bila kumwagiliwa wala kuwekewa mbolea.

La nne ni uhuru wa mpimaji. Anayedaiwa hawezi kuwa ndiye pekee anayehesabu fedha. Sampuli zichukuliwe mbele ya wawakilishi wa vijiji, zigawanywe mara mbili, na nusu moja ipelekwe katika maabara ya umma.

La tano ni ulinzi wa kijamii. Uzio wa mgodi ukiondolewa, mchoma mkaa na mchungaji watafika kabla ya bwana misitu. Bei ya mkaa katika miji ya ukanda wa dhahabu ni kishawishi tosha. Mipaka na sheria ndogo za mtindo wa ngitili, zenye faida kwa wanaozilinda, ndizo pekee zilizowahi kuthibitika katika mkoa huu.

Hatua hizi zina gharama, lakini ni ndogo ukizilinganisha na za kukarabati mteremko uliokwisha kuchimbika makorongo. Vilevile zina faida inayovuka mipaka ya Kahama. Mgodi wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000, Bulyanhulu ulifunguliwa mwaka 2001 na North Mara ukafuata mwaka 2002. Siku moja nayo itafungwa, na utaratibu utakaozoeleka Buzwagi ndio utakaodaiwa huko.

Serikali pia ina ahadi mbele ya mataifa. Katika mpango wa Afrika wa kurejesha hekta milioni 100, Tanzania iliahidi mwaka 2018 kurejesha hekta milioni 5.2 ifikapo mwaka 2030. Ahadi ya ukubwa huo ikihesabiwa kwa miche itatimia kwenye karatasi kabla ya kutimia ardhini.

Mwaka 2007 wananchi walidai kujua kilichoandikwa kwenye mkataba wa kuifungua Buzwagi, na walichelewa kwa sababu wino ulikuwa umekwisha kukauka London. Safari hii hawajachelewa. Kinachohitaji kusomwa kiko wazi juu ya uso wa ardhi, umbali mfupi kutoka mjini Kahama, na kipimo chake cha kwanza ni kipande cha udongo mkavu ndani ya glasi ya maji, mwezi wa Agosti.